Sahani ya Mchana Katika Nyumba Iliyofunga

Wewe unayenisikiliza, kama una chakula jikoni kinapoa, nenda ukale kwanza. Nasema kweli, wala si adabu tu. Habari ninayotaka kukueleza haina haraka, na mtu mwenye njaa ataisikia vibaya. Nitakusubiri. Ukirudi nitakueleza juu ya mwaka mmoja nilioishi katika chumba cha uani huko Maisaka, Babati, wakati mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya kabisa, na juu ya mama mmoja aliyekaa mbele yangu nikala mchana huku yeye mwenyewe amefunga.

Mama huyo, Mama Shamimu, amefariki. Nilikwenda kwenye arobaini yake hivi karibuni, na binti yake, ambaye mwaka ule alikuwa msichana wa shule mwenye maswali mengi, alinipokea mlangoni akiwa mtu mzima mwenye miwani. Tulilia kidogo. Kisha Shamimu akanishika mkono, akanipitisha uani bila kusema tunakwenda wapi, akafungua mlango wa chumba changu. Sasa ni stoo. Magunia ya mbaazi yamepangwa hadi usawa wa dirisha, na hewa yake ni ya vumbi na nafaka. Lakini juu ya magunia niliuona msumari niliokuwa nikitundikia redio. "Tumepaka rangi humu mara nyingi," Shamimu alisema, "na kila fundi akitaka kuung'oa mama anamkatalia. Eti msumari wa Felista huo, akija atatundika wapi redio yake?" Nilicheka, kisha nikakumbuka kwa nini redio ile ilikuwa ikilia kwa sauti kubwa kila jioni, na kicheko kikaisha.

Mwaka ule kila mtu mjini alikuwa mgeni. Maofisa walikuwa wakishuka kwenye malori na magodoro yao, vyumba vya kupanga vikawa vya kugombania, na ofisi yetu ilikuwa majengo ya kuazima. Majalada yalikuwa bado kwenye maboksi yenye jina la Arusha. Mimi nilikuwa mpiga chapa, msichana mwembamba niliyekuja na sanduku moja, na meza yangu ilikuwa na mguu mmoja uliokalia tofali. Nikipiga mstari kwa nguvu, tofali linahama, na Mama Neema wa masjala analirudisha kwa kiatu chake bila kuinuka kitini. Huyo Mama Neema alikuwa na mdomo mwepesi na roho nzuri. Nilipoanza kunenepa, yeye ndiye aliyetangaza. "Jamani, mtazameni Felista! Mkoa umempokea huyu. Mashavu hayo, si ya kutoka kwao hayo!" Wote walifurahi kwa ajili yangu. Kwetu mtu akinenepa ugenini ni habari njema, maana yake anaishi vizuri na watu, anatunzwa. Sikuwa na namna ya kuwaambia kwamba nilikuwa nikinenepa kwa huzuni.

Nilikuwa nikiishi hivi. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi tupu. Mchana wenzangu walipokwenda kwa mama lishe kula ugali na perege, nilibaki kwenye mashine nikisema nimeshiba. Jioni nikitoka kazini nilipita sokoni. Kwa mama mmoja nilinunua mandazi, kwa mwingine chapati, kibandani mkate na maziwa, na karanga kwa mwingine tena, kwa sababu sikutaka yeyote ajue kwamba vyote vinakwenda mdomo mmoja. Nilikuwa nikisema nina wageni. "Hao wageni wako, dada, hawana kwao?" yule wa chapati aliniuliza siku moja, na wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Tangu siku ile nikawa nazunguka njia nyingine.

Naomba hapa tuende polepole, kwa sababu watu wengi hudhani mtu anayekula namna ile anastarehe. Nilifunga mlango kwa komeo, nikafungulia redio ili mfuko wa nailoni usisikike, nikakaa kitandani nikala. Andazi la kwanza lilikuwa tamu. La pili nililionja. Baada ya hapo sikuonja chochote. Mikono ilikuwa ikienda yenyewe, haraka, kama ya mtu anayeogopa kunyang'anywa, na mimi nilikuwa kama nimesimama pembeni nikimtazama mtu mwingine. Nilikuwa nikila hadi tumbo linauma na kupumua kunakuwa kazi. Kisha nilikusanya makombo na mifuko, nikaificha chini ya kitanda hadi nipate nafasi ya kuitupa, nikajiapia kwamba kesho sitakula kitu kabisa. Kesho yake nilishika kiapo changu vizuri sana, hadi jioni. Unaona lile gurudumu? Mimi sikuliona. Niliona ulafi tu, na dawa ya ulafi, kwa akili yangu, ilikuwa njaa.

Ndipo mwezi wa Ramadhani ukaingia, pamoja na mvua za vuli. Nyumba ile ilikuwa ya Waislamu wafanyabiashara. Mume wa Mama Shamimu alikuwa na duka la vitambaa karibu na stendi, na mama mwenyewe asili yake ilikuwa Pangani, ingawa Babati ilikuwa imemlea zaidi. Mimi ni Mkristo. Hakuna aliyeniambia nisile. Lakini Mama Shamimu, ambaye jicho lake halikupitwa na kitu uani, aliona kwamba jiko langu la mafuta haliwashwi mchana hata siku za mapumziko, na kwamba midomo yangu imekauka kama yao, akafikia uamuzi wake. Jioni ya kwanza alinigongea na bakuli la uji wenye pilipili manga na sahani ya magimbi ya nazi iliyofunikwa kawa. "Mwanangu, nimeona," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Nimeona unavyotuheshimu. Hujatakiwa, na umefunga nasi." Nilitaka kusema kitu. Nikasema, "Ahsante, mama."

Kuanzia hapo sifa zangu zilienea mtaa mzima. Nilizisikia kupitia ukuta nikiwa nimelala na tumbo langu: Mama Shamimu akiwaambia wenzake barazani, "Nyie mna mabinti wa Kiislamu wanakula maembe chooni. Njooni mtazame Mkristo wangu!" Na wenzake, "Mashallah, Mama Shamimu, huyo si wa kumwachia aondoke." Kila siku futari ilinijia mlangoni. Na kila siku, kabla ya futari, nilikuwa nimekwisha kula vile vya sokoni, mlango umefungwa, redio inalia. Kisha nilikula na futari pia, kwa sababu sahani ya watu hairudishwi na chakula. Nikawa na maumivu ya tumbo yasiyokwisha. Siku moja kazini, herufi zilianza kucheza mbele yangu, nikaanguka upande wa tofali. Mama Neema ndiye aliyenipeleka hospitali, akinishika kiuno njiani na kuwafokea waendesha baiskeli.

Daktari alikuwa Dokta Gwandu, mtu wa upande wa Hanang, mrefu, mwenye kusema taratibu kwa lafudhi ya kwao. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kiti, akapima presha, akaagiza damu ipimwe sukari, akaniuliza habari za tumbo. Nilimweleza tumbo tu. Aliandika, kisha akaweka kalamu chini. "Jana umekula nini?" Nikasema, asubuhi sikula, mchana sikula. "Na jioni?" Nikatazama viatu vyangu. Hakunisukuma. Alitazama mvua dirishani kama mtu asiye na wagonjwa wengine, kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. "Binti, ukianza kula, unaweza kuacha?"

Nililia mbele ya mtu yule kama mtoto. Nilimweleza mandazi, redio, wageni wa uongo. Nilimwambia mimi ni mlafi na ninaona aibu. Alitikisa kichwa. "Mlafi hufurahia. Wewe andazi la tatu ulilifurahia?" Nikasema sikulionja hata. "Basi huo ni ugonjwa, na unatibika. Sisi tumekulia kwenye ng'ombe. Ukimfungia ng'ombe zizini mchana kutwa bila maji, jioni ukimfungulia atakimbilia mtoni mpaka ajikwae. Utamwita mlafi? Aliyefunga zizi ndiye wa kuulizwa." Akanieleza kwamba mwili uliokaa na njaa hudai deni lake kwa nguvu, na moyo ulio mpweke hutumia chakula kujituliza, na hivyo viwili vikikutana vinazunguka kama gurudumu, na mtu peke yake hashindi kwa kujikaza. Alinipa dawa ya tumbo. Akasema kuna dawa nyingine zinazosaidia akili itulie, tutazifikiria kama hali haitabadilika, lakini tiba yenyewe inaanza na sahani: asubuhi nile, mchana nile, jioni nile, na kitu kidogo katikati, kwa saa zinazojulikana. Hata kama nimekula vibaya, mlo unaofuata nisiuruke. "Huo hasa," alisema. "Huo usiuruke. Na usile peke yako. Kuna nani wa kula naye mchana?"

"Dokta, nyumba nzima imefunga. Na wanadhani na mimi nimefunga."

Nadhani alizuia tabasamu. "Basi una kazi ya kuongea kabla ya kazi ya kula," alisema. "Mwambie mwenye nyumba. Kisha Alhamisi uje uniambie amesema nini. Utakuwa ukija kila Alhamisi, tuzungumze."

Niliogopa kumwambia Mama Shamimu kuliko nilivyoogopa sindano. Chumba kile kilikuwa makazi yangu pekee, na yeye ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa akiniita mwanangu. Nilimkuta barazani na ungo mapajani anachambua mchele wa futari. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Wamesema una nini?" Nikakaa kwenye ngazi. "Mama, daktari amesema nisifunge. Nile mchana." Mikono yake ikasimama juu ya mchele. Alinitazama tumboni, akanitazama usoni, akateremsha sauti. "Ni ya nani?"

"Ni ya nani nini?"

"Mwanangu, mimi nimezaa. Unanenepa, unaanguka kazini, daktari anakukataza kufunga. Ni ya nani? Kama ni ya yule dereva wa ofisini kwenu, mwenye jino la dhahabu, niambie mapema nijue pa kuanzia."

Nilicheka hadi nikalia, na katika kulia kule yote yakatoka. Nilimwambia sikuwa na mimba, wala sikuwahi kufunga. Nilimwambia redio ilikuwa ya kuficha nini. Alisikiliza bila kunikatiza, akitoa punje moja moja ya mawe na kuitupa uani, na kuku wakiikimbilia na kuiacha. Nilipomaliza alimsukuma kuku mmoja kwa mguu. "Umeniacha nikajisifia," alisema, na niliona kwamba ameumia kweli. "Mtaa mzima. Nimewafokea watu kwa ajili ya funga yako." Alipepeta ungo mara moja, akainuka. "Kesho mchana utarudi hapa ule. Kazini si mbali. Usichelewe, chakula kikipoa mimi sipashi."

Kesho yake nilirudi na tope hadi vifundoni. Katika ukumbi wao alikuwa ametandika mkeka na kuweka sahani moja ya wali, mbaazi za nazi na kipande cha samaki, bilauri ya maji na bakuli la kunawia. Harufu ya nazi ilikuwa imejaa nyumba nzima ya watu waliofunga. Alikaa mbele yangu na ungo wake. "Haya, kula." Nikasema siwezi, mama, wewe umefunga, naona haya. "Mimi ndiye niliyefunga, si wewe. Nimepika nimeonja kwa ncha ya ulimi nikatema, chumvi ipo. Kula polepole, unionjee vizuri, uniambie nazi imezidi au haikuzidi." Nikatia tonge mdomoni. Lilikwama. Ulikuwa mlo wa kwanza kwa muda mrefu ambao mtu mwingine alikuwa akiniona nikimeza, na koo lilikuwa limesahau kazi hiyo. Alianza kunisimulia habari za dukani, jinsi mteja mmoja alivyopimiwa kitambaa akadai mumewe ni mpana kuliko vile, na taratibu wali ukashuka.

Katikati ya sahani, hodi ikapigwa, na jirani mmoja akaingia kabla ya kukaribishwa. Aliniona, akaona sahani, akashika kiuno. "Heee! Mama Shamimu! Yule mfungaji wako ndiye huyu? Mchana kweupe? Funga imemshinda?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mama Shamimu hakuinua hata uso. "Huyu mgonjwa. Anakunywa dawa yake."

"Dawa gani? Mimi naona wali."

"Dawa yake ndiyo wali. Daktari ameandika."

"Na samaki?"

"Na samaki."

"Subhanallah. Daktari gani huyo, na mimi niende?"

"Ukishafungua ndiyo uende. Kwa sasa kaa hapa unisaidie mchele, una mawe kama wa magereza." Na jirani akakaa. Wanawake wawili waliofunga walichambua mchele mbele yangu, wakiwasema watu wa mtaa mzima, nami nikamaliza sahani yangu na sikutaka nyingine. Ningependa uelewe ukubwa wa jambo hilo. Sikutaka nyingine.

Iliendelea hivyo hadi mwisho wa mwezi. Alhamisi nilimweleza daktari, naye aliniuliza juu ya upweke, juu ya nilivyojisema vibaya mwenyewe kila nikijitazama, na alinifundisha kuitambua ile saa ya jioni kabla haijafika, nibadilishe ninachofanya: nikaketi na Shamimu nimsaidie hesabu badala ya kupita sokoni. Usidhani nilipona kama mtu aliyepona malaria. Siku ya Idi, kila nyumba ya mtaa iliniletea sahani ya pilau, kwa kuwa habari zangu zilikuwa zimeenea na kila mtu alitaka kuchangia dawa. Shamimu alizipanga mezani kwangu akafurahi, akaenda kucheza na wenzake. Nikabaki na zile sahani na mlango. Nilizila karibu zote, peke yangu, mbio mbio, redio inalia.

Asubuhi yake niliamka na kile kiapo cha zamani mdomoni tayari. Sikufungua mlango. Mama Shamimu aligonga. Nikasema leo sijisikii kula. Akagonga tena. Nilipofungua alikuwa na chai ya maziwa na mandazi mawili kwenye sahani, na nyuma yangu mezani aliziona sahani tupu za watu. Alizihesabu kwa macho, nikaona anazihesabu. "Daktari alisema nini?" aliuliza.

"Alisema mlo unaofuata nisiuruke."

"Huu ndio unaofuata." Akakaa kitandani kwangu, akamimina chai vikombe viwili, maana sasa na yeye alikuwa amefungua, akachukua andazi moja, akaniachia moja. Tulikula bila redio. Nilipomsimulia Dokta Gwandu, alifurahia asubuhi ile kuliko siku zote nilizokuwa nimekula vizuri. "Hapo ndipo gurudumu linapovunjika," alisema. "Si kwenye kutoanguka."

Jioni zile zilipungua, zikawa za mara moja moja, kisha zikawa kumbukumbu zaidi kuliko mazoea. Nilihamishwa kikazi, nikaolewa, nikazaa. Lakini sitakudanganya. Baada ya arobaini, Shamimu alinifungia mandazi mengi ya safari, na nilipofika nyumba ya wageni nilikaa kitandani na ule mfuko, na huzuni, na mlango uliofungwa, na mimi, mwanamke mwenye mvi, nilikula hadi mfuko ukaisha. Mikono ilienda yenyewe kama zamani. Asubuhi nilisikia kiapo kikija. Nikanawa uso, nikashuka hadi kwenye meza ya wageni wengine, nikaagiza chai na chapati, nikampigia Shamimu simu nikiwa natafuna. "Dada Feli, unakula nini?" aliuliza, akiisikia sauti yangu. Nikamwambia. Akasema, kwa sauti ileile ya mama yake, "Nazi imezidi?"

Kama kuna jambo katika habari hii linalofanana na lako, nenda hospitali, na ukifika usiseme tumbo tu, sema na ulivyokula. Hilo ni la wiki hii. La kesho ni dogo zaidi. Kesho asubuhi, hata kama leo umekula namna gani, usiruke chai. Weka kitu kwenye sahani, fungua mlango, kaa chini na mtu, ule.